Wimbo wa Mwerebi Uliokatwa: Otello ya Verdi Kutoka Jukwaani Hadi Sinema

Filamu ya Franco Zeffirelli ya Otello, opera ya Giuseppe Verdi, ilifika kwenye tamasha la Cannes mwaka 1986 ikiwa na karibu kila kitu ambacho mpenzi wa opera angeomba. Otello, jemadari wa Venisi anayedanganywa na Iago hadi anamuua mkewe Desdemona, ni Plácido Domingo, tenori (mwimbaji wa sauti ya juu ya kiume) aliyekuwa akiuimba uhusika huo majukwaani tangu 1975. Desdemona ni Katia Ricciarelli, Iago ni Justino Díaz. Kwaya na okestra ni za La Scala ya Milano, chini ya fimbo ya kondakta Lorin Maazel. Kamera imeshikwa na Ennio Guarnieri. Ngome zinazoonekana ni ngome kweli, moja ya Heraklion kisiwani Krete na nyingine ya Barletta kusini mwa Italia. Fedha zilitoka Cannon, kampuni ya Menahem Golan na Yoram Globus iliyozoeleka zaidi kwa filamu za ngumi na risasi.

Kilichokosekana ni wimbo mmoja. Mwanzoni mwa sehemu ya nne, kabla hajauawa, Desdemona huimba wimbo wa zamani alioujua kwa kijakazi wa mama yake. Kiitikio chake ni neno moja likirudiwa mara tatu: “Salce! Salce! Salce!” Salce ni mwerebi, mti wa kando ya vijito ambao msomaji wa Biblia atakuwa amekutana nao katika Walawi. Wimbo huo huchukua kama dakika 7 au 8. Ricciarelli aliurekodi, na santuri za kampuni ya EMI zilizotokana na kazi hiyohiyo zinao wote. Kwenye filamu haumo.

Watu waliougombania mkato huo waligawanyika namna ileile ya siku zote: wa opera wakaulilia, wa sinema wakasema filamu si jukwaa. Hakuna upande uliogusa swali la kiufundi. Mwongozaji anayehamisha opera hadi sinema ana ruhusa ya kubadili mengi sana, lakini kila badiliko linahitaji mlango ulio tayari ndani ya nota, yaani muziki kama mtunzi alivyouandika. Palipo na mlango, picha huingia na mtazamaji hata hashtuki. Pasipo na mlango, ukuta huvunjika. Filamu hii ina mifano ya yote mawili, na ndiyo maana inafaa kuchambuliwa kuliko filamu ya opera iliyofanikiwa tupu au iliyoshindwa tupu.

Kazi ya kwanza ya kukata aliifanya Arrigo Boito, mwandishi wa libreto (maneno ya opera), kabla kamera ya sinema haijabuniwa. Tamthilia ya Shakespeare ina mistari kama 3,500. Libreto yake haifiki 800. Aliiondoa sehemu nzima ya Venisi, hivyo opera inaanzia Kipro katikati ya dhoruba. Onyesho la kwanza lilikuwa La Scala, tarehe 5 Februari 1887. Muziki wote huchukua kama saa mbili na robo, na filamu inakaribia saa mbili. Kwa hiyo mwongozaji anayesema “hadithi hii ni ndefu, nipunguze” anapunguza kitu kilichokwisha kupunguzwa na fundi. Mafuta yalishaondolewa, kisu kikiingia tena kinagusa nyama.

Ugumu mwingine ni wa muda. Katika filamu ya kawaida mhariri ndiye bwana wa muda: mwigizaji akichelewa kujibu, mhariri huondoa sekunde mbili na maisha yanaendelea. Katika opera muda umeshaandikwa. Muziki ukienda kwa kipigo kimoja kila sekunde, kipimo cha vipigo vinne ni sekunde 4, yaani fremu 96 (fremu ni picha moja tuli ya filamu), filamu ikienda fremu 24 kwa sekunde. Mwigizaji ana fremu hizo 96 za kuvuka chumba, hata kama chumba cha ngome kina urefu wa mita 6 au mita 18. Ndiyo sababu timu inayojua kazi yake huenda lokesheni na nota, saa na futi kabla ya kupeleka taa: wanapima hatua za mwigizaji dhidi ya muziki uliorekodiwa. Chumba kikubwa mno humlazimisha Otello kukimbia pale muziki unapomwambia anyemelee.

Dhoruba ya mwanzo inaonyesha shida hizi mapema. Otello haina ovecha, muziki wa okestra unaotangulia pazia. Pazia linafunguka na okestra inalipuka papo hapo kwa kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) kali isiyotulia, huku kinanda cha kanisani kikishikilia chini kabisa nota tatu zinazogusana, do, do iliyopandishwa nusu na re, kwa muda mrefu bila kuachia. Sikio halizitambui kama nota. Huzisikia kama ardhi inayotetemeka. Mtu wa sinema atauliza majina ya waigizaji yapite wapi. Yakipita juu ya dhoruba, yanaziba mlipuko ambao Verdi aliutaka uanguke ghafla. Yakitangulia, yapite kimya au juu ya sauti za upepo na bahari. Kimya ni bora. Kuna watayarishaji ambao huazima kipande cha muziki kutoka mbele ya opera na kukibandika mwanzoni, na kuanzia hapo kipande hicho kinaporudi mahali pake halali kinasikika kama marudio.

Kwenye dhoruba hiyohiyo kwaya huimba kwamba wanaona tanga, wanaona meli, bendera ya simba wa Venisi. Jukwaani meli haionekani, kwa hiyo kwaya ndiyo macho ya ukumbi. Kamera inaweza kuonyesha meli, na hapo maneno na picha hufanya kazi moja mara mbili. Dawa yake ni kuvitenganisha: neno “tanga” likiimbwa, onyesha uso wa anayeliona, meli yenyewe ionyeshwe vipimo viwili vitatu baadaye, kwaya ikiwa imeshaanza kusali. Ngome ya Heraklion inasaidia sana hapa kwa sababu ilijengwa na Wavenisi wenyewe katika karne ya 16, mlangoni mwa bandari, mawe yakiwa yamekabiliana na bahari. Hadithi ni ya Kipro lakini jiwe ni la dola ileile.

Muziki wote wa filamu kama hii hurekodiwa kwanza, kisha waimbaji huenda mbele ya kamera na kufuatisha pleibeki. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi analijua neno hilo kwa ubaya: msanii kapanda jukwaani, CD inaimba, yeye anatikisa maiki. Kwenye filamu ya opera pleibeki si udanganyifu, ila makosa yake ni yaleyale, na mengi hutokana na fizikia nyepesi tu.

Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa fremu 24, unapata mita 14 na kitu. Maana yake, kila mita 14 kati ya spika na mwimbaji humchelewesha fremu moja. Jicho la kawaida huvumilia fremu moja, huanza kushuku kwenye mbili, na kwenye tatu hata mtoto anajua mtu haimbi. Sasa weka spika karibu na kamera juu ya ukuta wa ngome, na tenori umbali wa mita 40: amechelewa karibu fremu tatu kabla hajafungua kinywa. Umati wa kwaya ukitandazwa bandarini ni vibaya zaidi, kwa sababu mstari wa mbele na wa nyuma hufungua midomo kwa nyakati tofauti, na hakuna mhariri anayeweza kusogeza nusu ya picha. Tiba ni spika ndogo nyingi zinazofichwa nyuma ya mawe, mapipa na watu, hakuna mwimbaji aliye mbali zaidi ya mita 5 au 6 na mojawapo. Umeme kwenye waya hauchelewi. Hewa ndiyo inayochelewa. Upepo wa bahari hauharibu rekodi, maana pale hakirekodiwi kitu cha kutumika, lakini humzuia mwimbaji kusikia, hivyo spika huhitaji nguvu kuliko ambavyo fundi angedhani akiwa studio.

Kabla ya kila kipande huwekwa milio mifupi mitatu au minne kwa mwendo uleule wa muziki unaokuja, ili mwimbaji avute pumzi mahali pake. Pumzi ndiyo siri ya yote. Watazamaji huangalia midomo, ila kinachowaambia kwamba mtu anaimba kweli ni mbavu na shingo. Mwimbaji akifuatisha kwa midomo tu, shingo hutulia, na nota ya juu hutoka kwenye mwili uliolala. Kwa hiyo anatakiwa kuimba kweli, angalau nusu sauti. Hapo inakuja gharama: “Esultate!”, salamu ya kwanza ya Otello akishuka melini, ni mistari michache tu lakini iko juu na inadai kifua kizima. Ukiipiga picha mara 12 kwa sauti kamili, tenori wako hana sauti ya kazi ya alasiri. Panga vipande vya juu mwanzoni mwa siku, vichache, na ukubali baadhi vitazamwe kutoka nyuma ya bega au kutoka chini kwenye umati.

Tena, kinywa kinachoimba nota ya juu kwa sauti ya opera si kitu kizuri kwenye skrini yenye upana wa mita 15. Taya hushuka, ulimi huonekana, mishipa hutoka. Mtu aliyeketi safu ya 20 ya jumba la opera haoni haya. Kanuni inayofanya kazi ni kuweka uso wa karibu kwenye maneno ya chini, yale yanayokaribia kusemwa, na kurudi nyuma au kumgeukia anayesikiliza sauti inapopanda. Otello ina utajiri wa nafasi hizo, kwa kuwa Verdi wa uzeeni huandika mazungumzo mengi ya sauti ya chini.

Cassio, ofisa ambaye Iago anamsingizia kuwa mpenzi wa Desdemona, katika filamu hii ana miili miwili. Anayeonekana ni mwigizaji Urbano Barberini. Anayesikika ni tenori Ezio Di Cesare. Uamuzi huo una mantiki: Cassio lazima awe kijana mzuri kiasi cha kufanya wivu uaminike, na kamera haisamehe umri. Lakini mtu asiyeimba hajui kwamba mwimbaji huvuta hewa kabla ya sauti, kimya, mdomo ukiwa umeshachukua umbo la irabu inayokuja. Mwigizaji hufungua mdomo pamoja na sauti, na tayari amechelewa. Njia ya kumfundisha ni kuweka alama ya kila pumzi ya mwimbaji kwenye nota, kisha mwalimu wa sauti akae kando ya kamera akitazama koo peke yake. Yeyote anayetazama midomo atadanganyika.

Suala la rangi ya uso linastahili sentensi chache tu, maana limekwisha kusemwa sana. Otello ni Moro, Mwafrika. Domingo alipakwa rangi. Rangi inayopita salama kwa umbali wa mita 20 chini ya taa za jukwaa, kamera huifichua kuwa ni rangi ya kupaka. Metropolitan Opera ya New York iliachana na desturi hiyo mwaka 2015. Yeyote anayetengeneza filamu ya Otello leo anaanza na kutafuta sauti, na kwa uhusika huu sauti ni chache mno duniani. Hilo ndilo gumu la kweli.

Duwa (wimbo wa watu wawili) ya mapenzi inayofunga sehemu ya kwanza ni mlango uliofunguka wenyewe. Huanza kwa selo nne peke yake, usiku, umati umeondoka. Wapenzi hawa hawasemi habari za sasa, wanakumbushana. Desdemona anamwambia jinsi alivyomsimulia maisha ya uhamishoni, jangwa ling’aalo, mchanga unaowaka, nchi ya mama yake, minyororo na uchungu wa mtumwa. Zeffirelli hapa anaingiza picha za zamani, na inafaa, kwa sababu matini yenyewe ni kumbukumbu na muziki unabadilika sura kila kumbukumbu inapobadilika. Hasara ipo: Domingo anayesikiliza ni mzuri kuliko picha yoyote ya jangwa, na kila sekunde ya jangwa inatuibia sura hiyo. Ningeweka picha chache kuliko alizoweka. Lakini hilo ni suala la kipimo. Msingi wake uko sawa.

Zeffirelli alishalifanya hili vizuri zaidi katika filamu yake ya La Traviata iliyotangulia, Teresa Stratas akiwa Violetta na Domingo akiwa Alfredo. Ile inaanza na mwisho: utangulizi wa opera unapigwa, Violetta yuko nyumbani mgonjwa, vitu vinahamishwa, na hadithi yote inakuwa kumbukumbu yake. Wengi walidhani ni ujanja wa sinema. Ni wa Verdi. Utangulizi wa sehemu ya kwanza ya La Traviata huanza kwa nyuzi zilezile nyembamba zitakazorudi kwenye chumba cha mauti katika sehemu ya tatu. Mtunzi alikuwa ameshaiweka maiti mlangoni. Mwongozaji aliifunua shuka tu.

Sasa njoo kwenye ndoto ya Cassio. Katika sehemu ya pili Iago anamwambia Otello kwamba alilala karibu na Cassio, akamsikia usingizini akimtaja Desdemona kwa mapenzi. Ni uongo mtupu. Verdi ameuandika kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeongea sikioni, na okestra imefunikwa isimwamshe anayelala. Zeffirelli anaionyesha ndoto: tunamwona Cassio kitandani. Ni picha ya kuvutia, na ndilo kosa la pili kwa ukubwa katika filamu nzima. Uongo unaosikika tu unamwacha msikilizaji katika hali ya Otello: hana ushahidi, ana sauti tu, na bado anaanza kuamini. Uongo ukishapigwa picha unakuwa ushahidi. Mtetezi atasema tunachoona ni fikra za Otello. Huenda, lakini basi kamera ilipaswa kuanzia kwenye jicho la Otello, na kuingia kwenye picha baada ya maneno kumchoma. Hapa nota zina mlango mdogo: baada ya Iago kumaliza maneno ya ndoto kuna pumzi kabla Otello hajalipuka. Fremu kumi na mbili za picha pale zingetosha.

Fainali ya sehemu ya tatu ina shida ambayo haina suluhu kamili. Watu wengi huimba maneno tofauti kwa wakati mmoja: Desdemona yuko chini, mabalozi wa Venisi wameshtuka, na katikati Iago anampanga Otello na kumpanga Roderigo, kijana anayemtamani Desdemona. Ukumbini sikio huelea. Kamera haielei, inachagua. Ikimchagua Desdemona, njama inapotea, na bila njama sehemu ya nne haieleweki. Verdi mwenyewe aliliona hilo na akaiandika upya fainali hii kwa ajili ya onyesho la Paris la 1894, ili maneno ya Iago yasikike. Toleo hilo lipo. Anayetaka kufupisha mahali hapa ana mkato uliotiwa sahihi na mtunzi.

Turudi kwenye mwerebi.

Hoja ya kuukata inaeleweka, na si ya kijinga. Mtazamaji tayari anajua Otello anakuja kuua. Mwanamke ameketi, anachana nywele, anaimba wimbo wa watu wengine. Kwa mhariri wa filamu hizi ni dakika 7 zisizo na tukio, mahali ambapo filamu inatakiwa kukimbia. Ukiutazama kama tukio, kweli haupo.

Utazame kama nota. Utangulizi wa sehemu ya nne huanza na korangle, ndugu wa oboe mwenye sauti nzito, ikipiga sauti hiyohiyo ya wimbo wa mwerebi kabla hatujajua ni ya nani. Hiyo ni ahadi. Wimbo ukiondolewa, korangle inakuwa imemwita mtu asiyekuja. Kisha wimbo wenyewe una beti tatu, na kila ubeti hukatizwa na uhai wa chumba: Desdemona anamhimiza Emilia, mke wa Iago anayemhudumia, afanye haraka, anamvulia pete aiweke, anamhurumia Barbara kijakazi. Ghafla anashtuka: nani anagonga? Emilia anajibu, ni upepo. Anamaliza, anasema macho yanamwasha, ni dalili ya kilio, anaaga kwa sauti ndogo, usiku mwema. Emilia anageuka kuondoka. Hapo ndipo kunatoka ukelele, okestra yote ikisimama pamoja naye: “Ah! Emilia, Emilia, addio!” Ni mara moja tu katika sehemu nzima ambapo mwanamke huyu anaonyesha kwamba anajua. Kisha anapiga magoti, na Ave Maria inaanza kwa nota moja ikirudiwarudiwa, kama mtu asiye na nguvu ya kupandisha sauti.

Nota hiyo moja ina maana kwa sababu ya ukelele uliotangulia. Ukifika kwenye sala bila ukelele, unasikia mwanamke mcha Mungu anayesali kabla ya kulala. Ukifika baada yake, unasikia mtu aliyekwisha kulia. Filamu ya Zeffirelli imebaki na sala na imepoteza sababu yake, na Ricciarelli, ambaye anaimba vizuri sana, anaonekana mpole kupita kiasi. Si kosa lake.

Je, wimbo huo ungeweza kubaki kwenye filamu bila kuizamisha? Ungeweza, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kuuacha wote na kuupiga picha kwa kufuata vikatizo vyake. Dakika 7 na nusu ni sekunde 450. Kwa wastani wa sekunde 15 kwa picha, unahitaji picha 30, kazi ya siku mbili au tatu chumbani. Beti zenyewe zishikwe kwa picha ndefu zisizosogea, moja kwa ubeti. Vikatizo vipewe mikono, pete, shela, uso wa Emilia. Kamera itoke nje mara moja tu, wakati wa upepo, ituonyeshe ukumbi mtupu wa ngome. Mtazamaji ambaye amekaa chumbani dakika tano ataiogopa korido hiyo kuliko upanga wowote. Tukio ambalo mhariri analitafuta liko pale.

Ya pili ni mkato mdogo. Beti zote tatu huishia kwenye kiitikio kilekile cha neno salce. Kiitikio kinachojirudia ni mshono wa asili: ubeti wa pili unaweza kutoka, ukaunganisha kiitikio cha kwanza na mwanzo wa ubeti wa tatu, na sikio lisione kovu. Ungepunguza dakika moja na kitu, ukabaki na pete, upepo na ukelele.

Sharti ni kwamba mshono huo ufanywe siku ya kurekodi. Ukumbi mzuri wa okestra una mwangwi wa sekunde mbili hivi. Ukikata mkanda baadaye, mkia wa mwangwi wa kodi ya zamani unakatika ghafla au unaingia ndani ya kodi mpya isiyopatana nayo, na hata asiyesoma nota husikia kama mlango uliobamizwa. Kampuni ya santuri inataka opera nzima. Filamu inataka fupi. Okestra imelipwa mara moja. Mwongozaji mwerevu anakaa na kondakta kabla, anaweka alama ya kila mkato unaofikirika, hata asiokuwa na uhakika nao, na wanarekodi daraja kwa kila mmoja: vipimo sita au vinane kabla ya mshono na sita baada yake, vikipigwa mfululizo kwa mwendo mmoja. Kila daraja ni dakika chache za muda wa okestra. Bila madaraja, chumba cha uhariri kinabaki na machaguo mawili, kuacha kitu chote au kukitoa chote, na wimbo unaochukua dakika 7 hauna bahati katika uchaguzi wa namna hiyo.

Kwa anayepanga kuonyesha opera kama hii kwa Kiswahili, haki za Verdi na Boito zimekwisha, maana Verdi alikufa 1901 na Boito 1918, ila rekodi, matoleo mapya ya nota na filamu yenyewe vina wenyewe. Maandishi ya chini ya picha yasizidi mistari miwili, na yasirudie kila neno linaporudiwa kuimbwa. “Salce” likiandikwa mara moja linatosha, mtazamaji aache kusoma na kumtazama Desdemona. Kuna neno moja la kuangalia zaidi. Hadithi nzima inazungukia kitambaa kidogo alichopewa Desdemona na mumewe. Ukiandika “leso”, mtu wa Dar es Salaam atakiona kitambaa cha mfukoni, na mtu wa Mombasa ataiona kanga pea nzima. Wivu wa kanga iliyookotwa chumbani mwa Cassio ni hadithi nyingine. Andika “kitambaa cha mkono” na uendelee.

Ave Maria inaisha na nyuzi zikiwa juu kabisa, kama uzi mwembamba unaoning’inia. Halafu, kutoka upande wa pili wa okestra, kontrabasi, ala za nyuzi zenye sauti nzito kuliko zote, peke yake zinaingia zikiwa zimefunikwa sauti, kwenye mi ya chini kabisa, nota yenye mitetemo kama 41 kwa sekunde. Verdi ameandika zipige zenye nyuzi nne tu, ili nota hiyo iwe uzi mtupu. Ndiye Otello anaingia. Kipande hiki kipimwe kwenye jumba litakaloonyesha kabla ya wageni kufika. Ikiwa nakala imetoka kwenye televisheni ya Ulaya, pima na mwendo wake pia: filamu ya fremu 24 ikichezeshwa kwa fremu 25, sauti yake hupanda karibu asilimia 70 ya nusu toni, na bila marekebisho ya sauti saa mbili zinakuwa dakika 115, Domingo akisikika kijana kuliko alivyokuwa. Na ukiitazama kwenye simu, Otello anavuka chumba kizima hadi kitandani na husikii chochote kikija naye.